Shajara ya Unyoya: adoni niliyoitangaza nyepesi kabla sijaipima

Jumamosi, saa sita usiku

Haya wadau, hii shajara nilitakiwa niifungue mwezi uliopita kabla sijatangaza chochote, ila ndo hivyo, nimeanza na matangazo nikasahau kipimo. Kwa ambao hawajui, Unyoya ni adoni ya World of Warcraft Classic, yaani kijiprogramu unachokipachika kwenye gemu kinakubadilishia mpangilio wa skrini, na hii yangu inachora vile viboksi vya wachezaji 40 wa reidi (vita vya kundi kubwa), damu ya kila mtu, bafu alizopewa (sio la kuogea, ni nguvu za muda), na kama karogwa kitu cha kuondolewa haraka. Mimi nacheza kasisi wa kutibu, usiku kucha naangalia viboksi tu, madragoni yenyewe nayaonaga miguu.

Siku naitoa niliandika hivi, nanukuu mwenyewe: "Nyepesi kuliko zote. KB 61 tu. Mistari 900. Haigusi FPS." (FPS ni fremu, yaani picha, ngapi skrini inachora kwa sekunde.) Nikabandika na picha, ile adoni kubwa ambayo nusu ya gildi (kikundi chetu cha kucheza) wanaitumia inasoma MB 6, pembeni yake ya kwangu KB 61. Watu wakaipenda aisee, siku mbili nzima natembea kifua mbele.

Leo sasa, jamaa mmoja wa Mombasa tuliye naye gildi moja kanitumia sauti: "Ndugu yangu, hii yako nzuri, lakini yanigandisha. Nikiizima mashine yatulia, nikiiwasha yaanza tena kukwamakwama. Hebu itazame." Nikamjibu kwa kiburi kabisa kwamba KB 61 haiwezi kugandisha hata kikokotoo cha dukani. Akaandika neno moja tu: "Ipime."

Nimelala nalo hilo neno. Kiukweli sijalala.

Jumapili

Nimeanza na hiyo hiyo namba niliyojisifia nayo. Inapatikana kirahisi, unaandika kwenye gemu `/run UpdateAddOnMemoryUsage() print(GetAddOnMemoryUsage("Unyoya"))` inakutemea kilobaiti. Ikatoka 61 na pointi. Safi. Nikasema ngoja nizime adoni nyingine zote nibaki na yangu tu ili kipimo kiwe kisafi, nikawasha upya, nikauliza tena.

480.

Nikadhani nimekosea kuandika. Nikarudia mara tatu, 480, 480, 481. Hakuna mstari hata mmoja niliobadilisha, nimezima vitu vya watu wengine tu na changu kikanenepa mara nane!

Kumbe iko hivi. Adoni nyingi hatuandiki kila kitu wenyewe, tunabeba laibrari za pamoja, yaani skripti zilizoandikwa tayari, za kupanga matukio, za kuchora menyu ya mipangilio, za kutunza data, na kila adoni inakuja na kopi yake. Gemu ikipakia, kopi iliyotangulia ndo inakaa, zinazofuata zikikuta toleo lile lile lipo zinajipumzisha. Memori ya ile laibrari inaandikwa kwenye jina la aliyeipakia kwanza, na gemu inapakia adoni kwa alfabeti, kama hakuna inayoitegemea nyenzake. Sasa yangu inaitwa Unyoya, herufi U, iko mkiani kabisa, ikifika inakuta zile zenye A na B zishalipia kila kitu. Ni kama umepanda daladala, kondakta kamdai nauli yako abiria aliyekaa dirishani, halafu unashuka unawaambia watu usafiri wa mji huu ni bure.

Na sikuchagua hilo jina kwa ujanja, naapa. Ila kuanzia leo nikiona adoni inaanza na Z na inajisifu KB chache nitaiangalia mara mbili.

La pili likaniuma zaidi. Ile namba inahesabu upande wa Lua tu (lugha tunayoandikia adoni), yaani skripti na data zake, picha hazimo. Mimi nilikuwa na picha ya 1024 kwa 1024 kwa ajili ya kivuli cha pembeni ya viboksi, kivuli ambacho hata mimi niliyekichora sikioni nisipoinama kwenye skrini. Pikseli 1024 mara 1024 mara baiti 4, hiyo ni MB 4 ikishafunguliwa kwenye memori, haionekani popote kwenye hesabu. Kwa hiyo KB 61 iliyokuwa 480 ilikuwa imekalia MB 4. Nikasema basi, inatosha kwa leo.

Jumatatu

Umeme hamna tangu saa moja. Naandika kwa simu. Nimeshinda nawaza kwamba hata hiyo MB 4 sio inayomgandisha jamaa, maana mashine yake ina RAM GB 8 kama ya kwangu, ukiweka adoni ya MB 30 humo ndani hata nusu asilimia haifiki. Tatizo liko sehemu nyingine.

Jumanne

Umeme umerudi, twende kwenye prosesa.

Ukitaka kujua adoni inakula muda kiasi gani unaandika `/console scriptProfile 1` kisha `/reload`, na ukimaliza usisahau kuirudisha 0 maana kupima kwenyewe kunapunguza kasi, namba zinavimba kidogo, zinafaa kulinganisha adoni na adoni tu sio kutangazia watu. Nimeingia na gildi Molten Core (shimo la reidi la watu 40), nikaacha ipime dakika 5 za vita. Laptop yangu ya mtumba haina kadi ya grafiki, kwenye vita vya watu 40 inapumulia fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ina milisekunde 33 za kufanya kila kitu, kuchora moto, kuchora majitu, kupokea taarifa za seva, na adoni zangu zote zipite humo humo.

Majibu: ile kubwa niliyoicheka, ya MB 6, imekula sekunde 11 kwa zile dakika 5. Unyoya sekunde 41.

Gawanya kwa fremu 9,000. Yangu inachukua milisekunde 4 na nusu kila fremu kati ya 33, ile kubwa moja na kitu. Nyani haoni kundule jamani.

Sababu imeonekana ndani ya dakika mbili nilipofungua faili, na ni ule ule ufupi niliokuwa naringia. Mistari 900 imekuwa 900 kwa sababu sikuandika sehemu ya kusikiliza matukio, yaani kusubiri gemu iniambie kitu kimebadilika. Nilichofanya, niliweka kila kitu kwenye `OnUpdate`, yaani fanksheni ambayo gemu inaiita kila fremu, ndani yake lupu ya watu 40, kwa kila mtu lupu ya bafu zake zote. Ukichukua bafu 8 kwa kila mtu, mara 40, mara fremu 30, ni maswali 9,600 kila sekunde, na karibu yote jibu lake ni lile lile la fremu iliyopita. Huyu bado ana bafu ya Fortitude? Anayo. Sasa je? Anayo. Na sasa? Anayo! Bafu yenyewe inadumu nusu saa.

Halafu juu ya hapo nilikuwa naunganisha maandishi ya damu, "3200/4100", kila fremu kwa kila mtu, hiyo ni tungo 1,200 kila sekunde, na natengeneza tebo (kikapu cha data) mpya kwa kila mtu kila raundi halafu naitupa. Takataka hizo Lua inabidi izizoe, na adoni zote zinaishi nyumba moja, fagio moja, kwa hiyo uchafu wangu gharama yake inaangukia kila mtu na wala hauna jina langu. Ile KB 61 nilikuwa naisoma mara moja nikiingia gemu. Ungeiangalia kwa dakika nzima ungeona inapanda, inapanda, inashuka ghafla, inapanda tena.

Ile kubwa je? MB 6 zake karibu zote ni data iliyokaa kimya, tafsiri za lugha, orodha za uchawi, mipangilio. Inasubiri iambiwe kitu kimebadilika ndo inainuka. Ni nzito kama kabati, lakini kabati halitembei.

Jumatano

Sijagusa skripti leo, nimekaa nasoma maelezo ya adoni za watu ili nijue nilijifunza wapi huu upuuzi. Wapi zaidi ya huko.

Hofu ya memori ina historia yake lakini. Gemu ilitoka Novemba 2004 na miaka ile ya mwanzo ilitumia Lua 5.0, na Lua ya wakati huo ikitaka kuzoa takataka inasimamisha kila kitu mpaka imalize, kwa hiyo adoni zikijaza memori kweli ulikuwa unaganda, na mashine zenyewe zilikuwa na RAM ya kuhesabu kwa vidole. Desemba 2006 toleo la 2.0 likahamia Lua 5.1 ambayo inazoa kidogo kidogo wakati gemu inaendelea. (Lua ilizaliwa Rio de Janeiro 1993, maana yake mwezi kwa Kireno, lugha ile ile iliyotuachia maneno meza na leso.) Hofu ikabaki, sababu ikaondoka. Mpaka leo mtu anafungua orodha, anaona MB, anafuta.

Na hofu ikiwepo muuzaji hakosekani. Kuna vijiadoni vinakuwekea namba ya memori juu ya skrini inajisasisha kila sekunde, wakati ile `UpdateAddOnMemoryUsage` yenyewe ni nzito, inabidi ipite adoni zote ihesabu, kwa hiyo kile kinachokuonyesha mkwamo ndo kinachokwamisha. Vingine vina kitufe cha "safisha", unabonyeza kinaita `collectgarbage` ya mkupuo, kinakwambia umeokoa MB 12, na kwa muda huo gemu nzima imesimama kukusubiri, halafu takataka zilizoondoka zingezolewa tu bila wewe. Ni zile apu za kusafisha simu, zinakuonyesha ufagio unazunguka na asilimia zinapanda halafu betri ndo inaisha.

Za "kuongeza FPS" nimefungua mbili. Adoni haiwezi kukuongezea nguvu ya mashine, inachoweza ni kubadilisha mipangilio ya gemu, na ndicho zote mbili zinachofanya: zinapunguza kivuli, umbali wa kuona, wingi wa chembechembe za uchawi. Vitu vitano ambavyo vipo kwenye menyu ya gemu na unaviburuta mwenyewe kwa kipanya. Sio uongo mia kwa mia, FPS inapanda kweli, ila usiseme umeandika adoni nyepesi.

Na kuna wa namna yangu, wa "mistari michache". Na wa "sina menyu ya mipangilio kwa hiyo nyepesi", wakati menyu unaweza kuitenga iwe adoni yake ndogo ipakiwe pale tu mtu anapoifungua. Na wa kupiga picha kipimo kinasoma 0.00 akiwa amesimama peke yake mji wa Stormwind mbele ya benki. Ukiniweka mimi mbele ya benki na mimi nasoma sifuri.

Ijumaa

Nimeandika upya. `OnUpdate` nimeitoa, sasa Unyoya inasikiliza matukio: `UNIT_HEALTH` ikija najua ni damu ya nani imebadilika, `UNIT_AURA` ikija najua ni bafu za nani. Tebo natengeneza mara moja, nazitumia tena na tena. Maandishi ya damu nayabadilisha namba ikibadilika tu. Kivuli cha 1024 nimekishusha mpaka 64 kwa 64, hiyo ni KB 16, na kama kuna mtu ataona tofauti aniambie nimnunulie soda.

Mistari imefika 1,340. Memori imepanda, KB 560 nikiiwasha peke yake. Kwenye kila kigezo nilichojisifia nacho mwezi uliopita, imeharibika.

Nimepima tukiwa watano kwenye shimo dogo, haionekani hata kwenye orodha. Nimemtumia wa Mombasa, kajibu "Ngoja Jumapili."

Jumapili, usiku sana

Ehee. Jumapili.

Molten Core tena, mambo matamu, yale majitu ya mwanzo tumeyapita, FPS imetulia, natamba kwenye maiki. Tukamfikia Lucifron, bosi wa kwanza. Huyu ana uchawi wa aina mbili wa maudhi: mmoja unaofanya uchawi wako ule mana (nguvu ya kurogea) maradufu, mwingine wa kichawi unaokula damu 2,000 baada ya sekunde 10 usipoondolewa, na anaurusha kwa reidi nzima kwa mpigo. Kasisi ndo tunaondoa huo wa pili, kwa hiyo hapo ndo viboksi vinatakiwa viwe macho kuliko wakati mwingine wowote.

Akarusha, skrini ikaruka. Sio kuganda kwa muda mrefu, ni ule mshtuko kama gari limepita tuta bila kupunguza mwendo. Kila akirusha, tuta. Jamaa akasema kwenye maiki, kwa upole ule wao, "Waona lakini?"

Naona.

Tulipomaliza nikaangalia wastani: milisekunde 0.3 kwa fremu. Wastani mzuri wa kuwekea picha! Ungeandika tangazo hapo hapo. Ila nilikuwa nimeshapachika `debugprofilestop` mwanzo na mwisho wa fanksheni zangu, ikitunza ile fremu mbaya kuliko zote, na fremu mbaya kuliko zote ilikuwa milisekunde 38. Fremu nzima ina 33. Yaani Unyoya peke yake ilizidi fremu, dakika nne zote za vita imelala fofofo halafu kazi yote ikaifanya kwa mkupuo, pale pale nilipohitaji kubonyeza.

Nimekaa mpaka sasa hivi natafuta kwa nini. Watu 40 wamerogwa kwa pamoja, kwa hiyo `UNIT_AURA` 40 kwenye fremu moja, hiyo inaeleweka. Lakini mtu mmoja gemu inamwita majina mengi: mimi ni `raid7`, ni `player` pia, wa kundi langu ni `raid` fulani na hapo hapo ni `party` fulani, niliyemlenga ni `target` tena, na kila jina linakuja na tukio lake. Zikafika 46. Halafu mimi kwa uvivu wa Ijumaa, kila tukio likija nilikuwa nachora upya kundi zima la watu watano badala ya yule mmoja kwa sababu ilikuwa rahisi kuandika. 46 mara 5 ni 230. Watu 40 tu, nimechora mara 230.

Nalala.

Jumanne

Dawa yake haikuwa ngumu, nimeona aibu ilivyokuwa fupi. Tukio la `UNIT_AURA` likija sichori kitu, naweka alama tu kwamba mtu fulani kabadilika, kwa utambulisho wake mmoja hata akiitwa majina manne. Kuna kiboksi kimoja kitupu kilichofichwa, na kiboksi kilichofichwa `OnUpdate` yake haiitwi kabisa, hakili chochote. Alama ya kwanza ikiwekwa nakionyesha, fremu inayofuata kinapita kwenye alama, kinachora watu 10, kinaacha wengine kwa fremu inayofuata, zikiisha kinajificha tena. Wenye uchawi wa kuondolewa natanguliza mbele. Watu 40 wanaisha kwa fremu 4, kama milisekunde 130, na jicho langu saa nane usiku halina habari na milisekunde 130.

Tumejaribu jana, mimi na jamaa wa Mombasa kwa wahusika wetu wa pili, kwa gildi nyingine iliyokuwa na nafasi mbili, Lucifron yule yule. Fremu mbaya kuliko zote: milisekunde 3. Wastani ule ule, 0.3, haujasogea hata kidogo, kwa hiyo aliyekuwa anaangalia wastani angeapa sijafanya kazi yoyote tangu Jumapili.

Jamaa wa Mombasa: "Sasa sawa." Kwake hiyo ni sifa kubwa, nimeihifadhi.

Alhamisi

Nimebadilisha maelezo ya adoni. Nimefuta "nyepesi kuliko zote", nimefuta KB, nimefuta mistari, na ile picha ya kulinganisha nimeitoa, na kwa yule aliyeandika ile kubwa nimempelekea ujumbe wa kuomba radhi, hajajibu na sidhani kama aliwahi kuiona. Sasa hivi inasomeka:

"Unyoya inachora viboksi vya reidi ya watu 40. Imepimwa Molten Core, vita vya Lucifron, laptop isiyo na kadi ya grafiki, fremu 30 kwa sekunde. Fremu mbaya kuliko zote: milisekunde 3. Memori ikiwa peke yake: KB 560, na picha KB 16 nje ya hiyo. Toleo la kwanza lilikuwa linagandisha, samahanini."

Waliopakua wiki hii ni wachache kuliko siku moja ya mwezi uliopita. Mmoja kauliza mbona imenenepa, ilikuwa KB 61. Nimemwandikia aya tatu, nikazifuta, nikamwambia azime adoni nyingine zote halafu apime lile toleo la zamani.

Kilichobaki: kusoma upya ile sehemu ya `UNIT_HEALTH`, maana ina uvivu ule ule wa kuchora kundi zima na sijaigusa, na kujaribu Blackwing Lair, reidi inayofuata, gildi ikifika huko. Jina silibadilishi, nembo nimeshachora.